Mwamuzi Hasemi Mpaka Aulizwe

— Wilibrodi amekupa nini? Sema, Fortunata!

Anyosisye alikuwa anafoka. Uwanja mzima wa Kaengesa ulikuwa unashangilia, timu yake ya Mazwi imefungwa saba kwa sita kwa mbio za mwisho za Wilibrodi wa Kaengesa, na mpira uliokuwa mkononi mwake alikuwa ameubwaga chini kwa hasira.

— Hajanipa kitu.

— Ameruka gunia la tatu! Uliona au hukuona?

— Niliona.

— Uliona, halafu ukatandaza mikono kwamba ni salama?

— Ndiyo.

Besiboli waliletewa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, akarudi kwao akaacha magongo, glovu na kitabu cha sheria. Vijana waligombania magongo. Kitabu alikisoma Fortunata peke yake, mwalimu wa darasa la nne, basi uamuzi ukawa wake. Anayekimbia huzunguka magunia manne, na kila moja lazima aliguse.

— Basi leo ndiyo mwisho wetu! Kaolewe na huyo Wilibrodi wako!

Akapiga kiki pikipiki, huyoo, kaacha vumbi. Miaka mitatu ya mapenzi, hivyo hivyo tu!

Fortunata alilia mpaka kanga ikalowa. Lililomuuma zaidi hakuwa amemwambia mtu: Jumapili mshenga wa Wilibrodi anakuja nyumbani kwao. Na yeye binti wa Kifipa aliyelelewa akalelewa, atamwambiaje mwanamume "njoo unipose"? Anyosisye alileta sukari, alileta vitenge, swali hakulileta hata siku moja.

Jumamosi asubuhi alimpa dereva wa lori kile kitabu akipeleke Mazwi, kwenye duka la spea la Anyosisye. Ukurasa alikuwa ameukunja, pembeni ameandika kwa penseli:

"Mkimbiaji akiruka gunia, mwamuzi amhesabu salama, anyamaze. Anayelinda ashike mpira, akanyage gunia, aulize. Wachezaji wakishatoka uwanjani, swali limekufa."

Mchana simu yake ya mkononi, kitu kipya hicho Kaengesa, ikalia mlio wa ujumbe.

"Kumbe ningeuliza tungeshinda! Mpira nilikuwa nao! Mbona hukunistua?"

Akajibu: "Mwamuzi hasemi mpaka aulizwe. Wewe ulitukana, hukuuliza. Ukatoka uwanjani."

Hapo hapo Anyosisye akapiga.

— Fortu, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu.

— Nimekusamehe.

— Kuna kingine ambacho sijauliza?

Fortunata akaibana simu sikioni.

— Mbona husemi?

— Hujauliza, Anyo. Na kesho saa nne kuna mshenga wa akina Wilibrodi hapa nyumbani. Akishatoka...

Simu ikakatika. Vocha imekwisha! Anyosisye alibaki anaitazama simu kama imemtukana.

Jumapili, baba yake Fortunata, mzee Romani, aliisoma barua ya mshenga taratibu, akaikunja, akamgeukia binti.

— Mwanangu, mgeni tumpe jibu gani?

Fortunata akainama. Ndipo pikipiki ikanguruma nje, ikazimika kwa kishindo. Anyosisye akaingia, vumbi tupu mpaka kope, nyuma yake kaka yake Jafeti aliyetolewa Mazwi mbio mbio awe mshenga, tai imekwenda mgongoni.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Mbona mbio hivyo?

— Mgeni hajatoka?

— Si huyo hapo, anakunywa chai.

— Ahsante Mungu! Kaka, toa barua!

Jafeti alijipapasa mifuko yote, akaitoa. Lakini Anyosisye hakungoja isomwe, akapiga goti hapo hapo.

— Mzee, nauliza. Naomba kumwoa Fortunata.

Mzee Romani alicheka mpaka akakohoa.

— Swali hilo nimelingoja tangu mwaka juzi. Lakini hapa mwamuzi si mimi.

Wote wakamtazama Fortunata. Machozi na kicheko vilikuwa vinagombania uso mmoja. Akasimama, akatandaza mikono yote miwili.

— Ndiyo nini hiyo? mshenga wa Wilibrodi akauliza, kikombe kimesimama hewani.

— Salama! Anyosisye akaruka. — Mzee, ni salama!

Mama akapiga kigelegele kikasikika mpaka kanisani.

Siku ya harusi Wilibrodi alikuja na mbuzi mzima, akamshika bwana harusi mkono.

— Shemeji, kusema kweli, lile gunia sikuligusa.

— Swali hilo limekwisha kufa, Anyosisye alijibu akimkumbatia mkewe. — Siku hizi nauliza mapema.