Makofi Yasiyosikika

Goti lilikuwa limeibwa, na watu wote wa karakana ya viungo bandia walikuwa wamelizunguka sanduku la kioo, wakilikodolea macho kama vile litaona aibu na kulirudisha.

Inspekta aliinama, mikono nyuma. Kufuli halikuvunjwa. Kioo hakikuwa na mkwaruzo. Kitambaa cha kijani kilichofunika sanduku tangu alfajiri kilikuwa sakafuni, pale kilipoangushwa na mganga mkuu wa hospitali alipolifunua mbele ya wageni arobaini waliotoka kusikiliza hotuba ukumbini, akakuta hewa.

"Goti la nani?"

"Langu," alisema mwanamke wa koti la bluu. Alisogea karibu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa bandia, mkavu kama ubao, na kila hatua aliuzungushia nje kama mtu anayefungua lango. "Nimelitengeneza miaka minne. Linajikunja lenyewe kwenye ngazi. Hospitali itaamua Jumatatu kama tutengeneze mengine."

"Michoro unayo?"

"Ninayo. Lakini hawaji kuangalia michoro, mzee. Wanataka kuona mtu anapanda ngazi."

"Funguo?"

"Mbili. Mmoja wangu, mmoja wa Mkuu wetu."

Mkuu wa karakana, mzee nadhifu wa koti jeupe, alishusha pumzi. "Wangu ulipotea wiki iliyopita, nimeandika kwenye daftari la ofisi. Sipendi kusema hivi, Inspekta. Leo asubuhi nilimwona huyu Fundi wetu akitoka na mfuko mzito. Na kuna kampuni ya nje inamnyemelea."

"Ulikuwa na mabaki ya chuma," Fundi alisema. "Nilikuwa nasafisha meza."

"Nani alikuona ukiyatupa?"

"Nani humwangalia mtu anayetupa takataka?"

Jibu lilikuwa zuri, lakini halikuwa ushahidi. Askari wa lango alikuwa amempekua kila aliyetoka, hakupata kitu. Basi aliyetoka kabla ya upekuzi ndiye aliyebaki na mzigo. Saa nane mchana Fundi alikuwa mahabusu.

Jambo moja lilimkera Inspekta. Mwanamke yule hakuuliza atatoka lini. Aliuliza kama wamelitafuta goti vizuri.

"Video ya sherehe ipo?" alimwuliza koplo.

"Ipo, afande. Katibu wa karakana aliisimamisha simu ukumbini, ikarekodi mwanzo mpaka mwisho. Ila ina ugonjwa. Ukiicheza kwenye simu, Mkuu anasikika akihutubia. Anaposimama Fundi, sauti inakufa. Ukiitia kwenye programu ya kuhariri, kwenye kompyuta, hakuna sauti kabisa, hata ya Mkuu."

"Maabara wanasemaje?"

"Wiki tatu."

"Jumatatu ni siku nne. Chukua simu, twende kwa binti yangu."

Koplo hakushangaa. Kituo kizima kilikuwa kinajua habari za binti huyo, watake wasitake. Alikuwa akihariri video za harusi kwenye chumba juu ya duka la viatu, na mtaani walimwita Mkasi. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Alizifungua, akaziharibu, akazitengeneza.

"Shikamoo, baba. Na askari kabisa?"

"Marahaba. Simu ni kielelezo cha kesi, haiachwi peke yake."

"Kama bibi harusi," Mkasi alisema, akachukua nakala mbele ya macho ya koplo na kumrudishia simu.

Aliiburuta video kwenye programu yake. Picha ikaingia. Chini yake, penye mstari wa sauti, palikuwa patupu.

"Imefutwa?" Inspekta aliuliza.

"Hapana. Picha imeingia, sauti imebaki mlangoni. Simu hii ni mpya, inafunga sauti kwa mfumo ambao programu yangu ya kizamani haiujui. Aliyejaribu huko kituoni alikuta patupu, akaamini ni patupu."

"Dawa yake?"

"Naibadilisha nakala iwe ya mfumo wa kawaida. Picha siigusi."

Walisubiri, feni ya kompyuta ikipiga kelele kama inapandishwa mlima. Kisha mstari ukajaa mawimbi, na Mkuu akasikika wazi, neno kwa neno. Alimaliza, akashuka. Fundi akapanda. Mawimbi yakalala.

"Hapo ndipo ilipokufa," koplo alisema.

"Haijafa, kaka. Kimya cha kweli ni mstari ulionyooka. Huu una vinyweleo." Akaipandisha sauti.

Kwenye picha, Fundi alikuwa anaeleza na watu arobaini walikuwa wanapiga makofi. Kwenye spika, mtu mmoja alikuwa anatembea. Nguo ilisuguana. Mtu alihema.

Inspekta aliivua miwani. "Makofi yako wapi?"

"Sasa umeuliza, baba." Mkasi alirudisha video nyuma, akaikuza picha ya Mkuu. Kwenye ukosi wa koti jeupe kulikuwa na kitu cheusi, kidogo kama karanga. "Maikrofoni isiyo na waya. Simu ikiunganishwa nayo, inaziba sikio lake yenyewe, inasikia hii tu. Alitakiwa amvalishe Fundi. Akasahau, akaondoka nayo."

"Kwenda wapi?"

"Sikiliza."

Ufunguo. Kioo kikiteleza. Halafu mlio mdogo mkavu, *tk-tk*. Halafu maji yakimiminwa ndooni, na kitu kizito kikikorogwa.

 Inspekta alimtazama mwanawe muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Toa nakala tatu. Andika ulichofanya, hatua kwa hatua. Utasimama mahakamani."

"Mimi? Mkata harusi?"

"Wewe, mtaalamu. Wakikuuliza umesomea wapi, uwaambie hapa, juu ya duka la viatu. Na usiinamishe kichwa."

Fundi alisikilizishwa akiwa amekaa kwenye benchi la mahabusu. Kwenye *tk-tk* alisimama. "Hilo ndilo. Hulia hivyo likikunjwa kwa mkono."

"Na maji?"

"Siyo maji, ni plasta. Inaganda kwa dakika kumi." Alifikiri, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Tuna rafu ya kalibu za plasta, umbo la mguu wa kila mgonjwa. Zimezidi mia. Amelizika humo, mzee."

Ijumaa asubuhi walisimama mbele ya rafu, Mkuu akiwa katikati ya Inspekta na koplo. Fundi alipita taratibu, akizigusa kalibu kwa mgongo wa kiganja. Kavu. Kavu. Kavu.

"Hii ina ubaridi, bado mbichi. Na haina namba."

"Ya mgonjwa gani?" Inspekta aliuliza.

"Sikumbuki," alisema Mkuu.

"Jana saa nne na nusu ulikuwa wapi?"

"Ukumbini. Kila mtu aliniona."

Inspekta alibonyeza simu yake. Nyayo. Ufunguo. Kioo. Mkono wa Mkuu ulipanda wenyewe mpaka kwenye ukosi wa koti, ukapapasa mahali pasipo na kitu.

Koplo alipiga nyundo mara mbili. Plasta ikapasuka, na ndani yake, limefungwa kwenye nailoni, lilikuwemo goti. Halikuwa na hata doa.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

Mkuu alikalia kiti cha wagonjwa. "Miaka thelathini. Watu mia sita wamekaa hapa wakaniuliza, Mkuu, hakuna mguu unaokunjika? Nikawaambia kwa vifaa vyetu haiwezekani. Niliapa. Halafu huyu, niliyemfundisha mimi kushika tupa, akaweza, kwa vifaa vilevile, kwenye meza ileile. Wote mia sita wangejua kwamba niliwadanganya, au sikuijua kazi."

"Ungelivunja. Kwa nini ulilificha?"

"Nyundo niliishika." Akalitazama goti. "Nikashindwa. Ni kazi nzuri mno."

"Mimi ni mmoja wa hao mia sita," Fundi alisema. "Nilikaa kwenye kiti hicho nina miaka kumi na moja. Ulisema haiwezekani, lakini uliniacha nibaki nikuangalie unavyofanya. Jana nilimaliza hotuba yangu kwa kukutaja wewe. Hukuwepo."

 Koplo akamfunga mzee pingu, kwa mbele, taratibu. Walipofika mlangoni Mkuu alisimama.

"Springi ya nyuma," alisema. "Uliizuiaje isiteleze?"

Fundi alijifuta unga wa plasta vidoleni. Kisha akamweleza, kuanzia mwanzo, bila haraka na bila kuficha kitu, na Inspekta akasubiri mlangoni mpaka akamaliza.