Mshona Mapazia na Simu Yake

Asubuhi, kabla hata hajafunua cherehani, mshona mapazia aliegemeza simu kwenye majora ya vitambaa. Akajilazimisha kutabasamu.

"Karibuni wateja wangu! Karibuni... mapazia..."

Maneno yakamkwama. Akafuta, akaanza upya. Akafuta tena. Mara ya tisa jua lilikuwa limeshapanda, na hajashona hata pindo moja. Alichoka utadhani amebeba zege.

Aliyemtia katika kazi hii ya kujirekodi ni wifi yake, dada wa mumewe. Wifi aliuza manukato kwa simu. Aliimba, alicheza, aliwatania watu, nao walinunua.

"Wifi, changamka!" alimwambia. "Una sura ya msibani. Nani atanunua pazia msibani?"

"Mimi siwezi, wifi."

"Huwezi au hutaki? Utakufa njaa na aibu zako!"

Wifi alikuwa na nia njema, tusimsingizie. Duka lilikuwa limepoa kweli. Mshona mapazia alikuwa ameshamwambia mumewe kwamba mwezi ukiisha hivi, atafunga na kurudi kiwandani kushona magunia. Alikaa huko miaka kumi na mmoja, akatoka na mgongo mbovu. Msimamizi alisema nafasi ipo. Kila akiikumbuka ile nafasi, machozi yalimlenga.

"Hodi humu!"

Aliyeingia ni mwalimu anayefundisha wafanyabiashara wadogo darasa la jioni. Alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Kwapani alibana mapazia aliyoyachukua juzi.

"Mwanangu, umenishonea mapazia au vitambaa vya meza?"

Akayakunjua. Yalikuwa yamepungua kwa shubiri nzima.

"Lakini mwalimu, nimefuata vipimo ulivyonitumia kwa simu."

"Nilipima dirisha."

"Dirisha? Si kuanzia kwenye fimbo ya pazia, kule juu?"

"Mimi nitajuaje? Zamani ulikuwa unakuja kupima mwenyewe!"

Mshona mapazia akakaa chini. Ni kweli. Tangu aanze kujirekodi, hana tena muda wa kwenda kwa watu. Akaomba radhi, akaahidi kushona mengine. Kisha yakamtoka yote: simu, wifi, kiwanda, mgongo. Alilia bila kujificha.

Mwalimu akavuta kigoda.

"Pole. Hebu nijibu. Mimi ulinipataje?"

"Wewe? Nilikuwa napima kwa mkunga, jirani yako. Ukaja kuazima ngazi."

"Na huyo mkunga?"

"Nilipima kwa dada yake."

"Ukiwa unapima, ulimi unakuwa mzito?"

"Aa, hapo naongea mpaka nakera! Namwambia mtu, chumba hiki kina jua kali, weka kitambaa kizito. Hapa karibu na jiko, usiweke pazia refu, litaungua."

"Sasa wewe unatafuta nini kwenye simu? Kutangaza biashara si lazima upige kelele. Ni kumfanya anayekuhitaji akujue na akuamini. Wifi yako anaweza mbele ya watu elfu. Wewe unaweza mbele ya mtu mmoja, nyumbani kwake. Panga kazi kwa namna ulivyo."

"Nipange vipi?"

"Kwanza, nani anahitaji mapazia?"

"Waliohamia karibuni. Na waliomaliza kujenga."

"Nani anawajua hao?"

Akafikiri. "Fundi wa vioo. Na yule fundi wa rangi wa mtaa wa pili."

"Umewahi kuwaambia wakutaje?"

"Hapana."

Mwalimu akampa kalamu, akamwandikisha ratiba nyuma ya kalenda ya zamani. Jumanne na Alhamisi asubuhi, kwenda kupima bure. Wiki moja baada ya kutundika, kurudi kuona pazia linavyoning'inia, na kuuliza kama kuna ndugu au jirani anayehitaji. Jumamosi, kutuma picha moja ya kazi kwa wateja wa zamani. Picha tu, bila hotuba.

"Usiandike usichoweza kukifanya wiki baada ya wiki," mwalimu alimwonya. "Ukichoka, utaacha."

Wiki ya kwanza alipima madirisha ya nyumba nne, hakuna aliyeagiza. Miguu ilimuuma. Wifi akacheka: "Siku hizi umekuwa mpima viwanja?" Wiki ya pili fundi wa vioo, aliyekuwa amemwomba amtaje, alimpeleka kwa mjane aliyehamia karibuni. Mjane akaagiza ya vyumba vitatu. Aliporudi kuyatazama, akamkuta shemeji wa mjane, naye akataka ya sebuleni. Wiki ya nne alikuwa na oda nne, zote alizipima kwa mkono wake, na hakuna hata moja iliyorudi.

Mwisho wa mwezi alikuwa juu ya ngazi sebuleni kwa huyo shemeji. Simu ikalia. Ni msimamizi wa kiwanda.

"Mama, kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe getini. Nimekushikia nafasi."

Mgongo ulimuuma, na alikuwa na usingizi. Akatazama chini. Mwenye nyumba alikuwa ameshika upande mmoja wa pazia, anangoja.

"Asante sana, bosi," alisema. "Mpe mwingine. Kesho ni Alhamisi, kuna watu wananisubiri."