Mashine Isiyojua Saa

Wiebe Hoekstra alikutwa chini ya ngazi za karakana yake, mjini Groningen, Alhamisi asubuhi, kisogo kimepasuka. Aliyemkuta ni fundi wake, Sietske, na kufikia adhuhuri Sietske huyo alikuwa rumande.

Majirani waliwasikia wakigombana Jumanne. Inspekta Geertje Dijkema alipomuuliza Sietske waligombea nini, binti alijibu: saa. Wiebe alikuwa akibuni kifaa cha kulipia vitu vya senti chache kwa kadi. Kikiwa ghali, nani atakifunga kwenye mashine ya kahawa? Basi Jumanne aliing'oa saa iliyokuwa ndani ya kile cha majaribio, kwenye mashine ya kahawa ya maktaba, ng'ambo ya mfereji, ili bei ishuke.

"Nilimwita bahili," Sietske alisema. "Tangu hapo hatukusemeshana."

Geertje alimhurumia, lakini huruma si ushahidi.

Jurre Bolhuis, mshirika wa Wiebe, alikuwa mtu wa kuuza. Vifaa aliwaachia wengine. Alirudi kutoka Brussels Jumatano usiku. Pale karakana alimkaribisha Inspekta kahawa na biskuti moja, kisha akafunika kopo la biskuti. Jirani alisikia kishindo usiku huo saa mbili na nusu, sivyo? aliuliza. Saa hiyo yeye alikuwa maktaba akinywa kahawa. Akamgeuzia kompyuta ya karakana, inayopokea malipo ya mashine ya maktaba: kadi yake, kikombe kimoja, saa mbili na nusu.

Geertje alisoma kioo taratibu, juu hadi chini.

"Nani aliandika saa hii, Bwana Bolhuis?"

"Mashine yenyewe, Inspekta. Haina ndugu wala rafiki."

"Wala haina saa. Wiebe aliing'oa Jumanne, wewe uko Brussels. Tazama: kahawa zote tangu siku ile hazina saa. Yako tu ndiyo inayo, maana uliiandika mwenyewe."

Jurre alitazama biskuti ya mgeni, ambayo haijaguswa.

"Kuna kampuni ilitaka kununua kile kifaa ikifungie kabatini, maana kingewaharibia biashara," alisema mwishowe. "Nikawauzia bila kumwambia. Alipojua, akasema anakwenda polisi. Nilimsukuma tu."

Jioni Geertje alimfungulia Sietske mlango mwenyewe, akamweleza yote. Binti alisimama na koti mkononi, mvua ya Novemba ikipiga dirisha.

"Kumbe ningeshinda ule ugomvi, ningefungwa," alisema.

"Ungefungwa, mwanangu. Saa ingebaki mle, uongo wake usingeonekana."

"Na yeye amekufa akijua namwona bahili."

 Inspekta alimshikia koti, binti akalivaa.