Viti vya Dani Kwenye Kompyuta

Kila siku baada ya masomo, Maryanne hakuwa akienda moja kwa moja nyumbani kwao Nyalenda. Alipitia kwanza ofisini kwa Anti Lorna, dada ya babake, aliyekuwa na chumba kimoja juu ya duka la mabati mjini Kisumu. Alifagia, akamwaga takataka, akanywa chai kwa chapati, halafu akaketi mbele ya kompyuta ya pili na kusahau dunia.

Anti Lorna kazi yake ilikuwa kuchora nyumba za watu kwa kompyuta. Kompyuta hiyo ilikuwa na programu ya ajabu, jamani. Unachora kuta nne, unabonyeza mahali, na nyumba inasimama yenyewe mbele yako, ina madirisha na mapazia, jua linaingia ndani mpaka sakafuni. Ukitaka kiti, unakichagua kwenye orodha na kukiburuta mpaka pembeni. Maryanne, wa Gredi ya Nane tu, aliijua programu hiyo kuliko wanafunzi wa chuo waliokuja kufanya mazoezi pale. Alijijua kuwa ni hodari, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Anti Lorna alimfundisha mambo machache na kuyarudia mpaka yakamchosha. Pima kwanza, ndipo uchore. Programu inahesabu kwa mita na mafundi wengi wanaongea kwa futi, kwa hiyo jua uko kwenye kipimo gani. Iangalie nyumba kutoka juu kabla ya kuigeuza kuwa picha ya kupendeza. Acha nafasi ya watu kupita. Na viti vya kwenye orodha si viti vya mwenye nyumba, kwa hiyo uandike urefu na upana wa vile vyake. Maryanne aliitikia ndiyo, ndiyo, huku akichagua rangi za mapazia.

Mwaka huo nyanya yake, ambaye wote walimwita Dani, aliteleza na kuvunjika nyonga. Alipotoka hospitalini aliletwa kukaa nao Nyalenda, kwenye kiti cha magurudumu. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia. Dani alioshwa na kuvishwa nyuma ya pazia hilo, watoto wakisoma upande wa pili, na hakuwa amezoea maisha ya namna hiyo. Kila asubuhi aliuliza lini atarudi kwake Luanda Kotieno, kando ya ziwa.

Wanawe walikubaliana kuitengeneza nyumba yake. Ukuta wa ndani ungebomolewa na kujengwa mwingine, ili atoke sebuleni na kuingia chumbani kwa kiti chake bila kusaidiwa. Dani mwenyewe aliomba jambo moja tu. Akina mama wa maombi hukutana kwake kila Alhamisi, nao ni kumi na wawili. Alitaka viti vyake kumi na viwili vyote vitoshe sebuleni, kwa sababu kwake mgeni hasimami.

Anti Lorna alikuwa na kazi kubwa Bondo wiki hizo, akamkabidhi Maryanne mchoro wa ndani. Wakati wa likizo fupi aende na babake Luanda Kotieno, apime kila kiti, meza, kitanda, na akirudi apime kiti cha magurudumu. Maryanne alijisikia mtu mkubwa. Shuleni alimwambia rafiki yake Ivy kwamba yeye sasa ni mchoraji wa majengo.

Alipofika aliona viti vimerundikwa chumba kimoja, vya mbao nzito, vyenye mikono mipana na vitambaa vilivyojaa vumbi. Alipima viwili, akapiga chafya mara tatu. Kisha akasikia honi ya feri iliyokuwa ikitoka Mbita, ng'ambo ya ziwa, na binamu zake tayari wanakimbia kwenda kuitazama. Akajiambia kiti ni kiti, akaweka tepu mfukoni na kuwafuata. Hakurudi kwenye viti vile tena.

Ofisini alichukua viti vya kwenye orodha. Vilitosha saba tu, cha nane kikaingia ukutani. Maryanne alikuna kichwa. Akashika kimoja kwa pembe, akakivuta ndani kidogo, kikapungua. Akapunguza vyote. Vikatosha kumi na kimoja. Kwa ajili ya cha kumi na mbili aliupunguza mlango wa chumbani, na kwa kuwa mlango ulikuwa umekuwa mwembamba, akakipunguza pia kiti cha magurudumu kikapita. Kisha akaweka mapazia ya buluu na maua mezani. Picha ilikuwa nzuri, hilo hatutamnyima.

Anti Lorna alirudi kutoka Bondo amechoka. Aliitazama picha, akauliza kama vyote vimepimwa.

"Nilipima vyote, Anti," Maryanne akasema.

Mchoro ukatumwa kwa Fundi Walubengo, mwashi aliyekuwa ameanza kazi. Jioni Dani alionyeshwa picha kwenye simu. Alihesabu viti kwa kidole, kimoja kimoja, akitaja jina la kila mama atakayekikalia. Akamshika Maryanne mkono akaanza kulia.

"Nyakwara," alisema, maana yake mjukuu wangu, "umenirudisha nyumbani."

Maryanne alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu siku hiyo Dani alimwonyesha picha kila aliyepita, hata mwuza mboga, na kila aliposifiwa Maryanne alipata sababu ya kutoka nje. Siku moja alichukua tepu akakipima kiti cha magurudumu kwa siri. Kilikuwa na upana wa sentimita sitini na saba. Kwenye mchoro, mlango wote ulikuwa na sitini. Alipima tena, na tepu ikasema vilevile.

Angesema siku hiyo mambo yangekwisha mapema. Hakusema. Kesho yake Anti Lorna alikuwa akiongea na mteja, simu yake ikalia, Maryanne akaipokea. Alikuwa Fundi Walubengo. Aliuliza kwa upole kama mlango wa chumbani ni sawa, kwa maana yeye aliuona mwembamba kwa mtu wa magurudumu. Ukweli ulikuja mpaka mdomoni, akaumeza.

"Anti amesema ufuate mchoro," alijibu, na kukata simu.

Jumamosi moja wote walikwenda Luanda Kotieno, Dani akiwa mbele katika gari la kukodi, amevaa gauni lake la kanisani. Ukuta ulikuwa umefika juu ya madirisha. Fundi na vijana wake walikuwa wameingiza viti ili mama mwenye nyumba avione. Vilitosha saba, vimebanana, na vitano vilibaki uani. Baba alimsukuma Dani mpaka mlango wa chumbani. Magurudumu yaligonga matofali kushoto na kulia. Akarudi nyuma, akajaribu tena, yakagonga tena.

Dani alikitazama chumba chake kupitia pengo lile, akaweka mikono mapajani.

"Basi nirudisheni Nyalenda," akasema.

Anti Lorna aligeuka na kumwakia fundi. Alimuuliza ni mwashi gani asiyejua kiti cha magurudumu kinataka mlango wa upana gani. Baba naye alisema afadhali watafute fundi mwingine, huyu kazi imemshinda. Fundi Walubengo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na vijana wake walikuwa wakisikia yote hayo. Alimtazama Maryanne mara moja tu. Maryanne alijua kwamba amemkumbuka kwa sauti. Lakini mzee yule hakumtaja. Aliinama akaokota nyundo, akasema kama kuna kosa basi atabomoa.

Hapo Maryanne alishindwa. Kukemewa angevumilia, ila kumwona mtu mzima akibeba aibu yake mbele ya vijana wake hakuweza.

"Si yeye, ni mimi," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Sikupima. Nilipima viti viwili nikaenda kutazama feri. Vingine nilivipunguza kwenye kompyuta ili vitoshe. Fundi alipiga simu kuuliza mlango, nikamjibu uongo."

Alitazama viatu vyake, kwa maana hakuthubutu kumtazama Dani. Anti Lorna alikaa kwenye kiti kimojawapo. Kisha alisimama na kumwomba fundi msamaha mbele ya vijana wake, Baba naye akafanya hivyo hivyo. Kusikia wakubwa wake wakiomba msamaha kwa kosa lake kulimuuma Maryanne kuliko fimbo. Alikwenda mwenyewe mbele ya Fundi Walubengo, akaomba radhi akilia.

"Nimekusikia, binti," fundi alisema. "Sasa futa machozi uchukue tepu. Plasta bado, ukuta utasogea."

Siku hiyo hakutazama feri yoyote. Alipima viti kumi na viwili, meza, kitanda na kiti cha magurudumu, kila kimoja mara mbili, Anti Lorna akiandika. Matofali yaliposhushwa, alikaa nayo uani hadi jioni akigwaruza saruji ili yatumike tena, mpaka vidole vikachubuka. Mchoro mpya, ukuta ukiwa umesogezwa upande wa chumbani, ulikuwa na viti tisa, njia pana katikati, na mlango wa sentimita tisini. Maryanne alimweleza Dani kwamba viti vitatu havitoshi, hata afanye nini. Dani alifikiri, akasema watatu watakaa barazani penye upepo, na viti hivyo vitagombaniwa.

Wakiwa njiani kurudi, Anti Lorna alisema alilokuwa nalo moyoni.

"Kompyuta haijui nyumba ya Dani ikoje, inaonyesha ulichoiambia tu. Wewe uliidanganya, ikanidanganya mimi, na mimi nikamdanganya mama yangu na kumfokea mtu asiye na kosa. Kazi yenye uongo ndani yake huangukia mtu, Maryanne, na mara nyingi humwangukia asiyehusika. Na mimi nilikosea, nilituma mchoro bila kuukagua. Ukikosea tena, niambie siku hiyohiyo. Nitakasirika, lakini tutarekebisha."

Baada ya majuma matatu Dani alihamia kwake. Maryanne alibaki mlangoni, bado ana haya, akitazama. Dani alikataa kusukumwa. Alizungusha magurudumu mwenyewe, akapita katikati ya viti, akaingia chumbani bila kugusa ukuta. Maryanne alimfuata mbio amsaidie kupanda kitandani, lakini mlango ulifungwa mbele ya pua yake.

"Hapa ni chumbani kwangu," Dani alisema kutoka ndani. "Piga hodi."

Maryanne akapiga hodi.