Utomvu wa Mshubiri

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapuchapu alikata majani ya mshubiri na kuyasimamisha ndani ya beseni ili utomvu wa manjano uchuruzike. Utomvu huo huwasha ngozi. Bibi yake, mtengenezaji wa dawa za mitishamba, alitaka ute safi wa ndani tu, na hata huo hakuupaka kwenye kidonda kibichi. Chapuchapu hakupenda kungoja. Jina hilo hakupewa bure.

Siku moja Bibi alikwenda sokoni, na mama alikuwa kazini. Chapuchapu aliachiwa mdogo wake na sufuria ya maji iliyokuwa motoni jikoni. Akatoka kupiga soga na jirani. Mtoto akaivuta sufuria, maji yanayochemka yakammwagikia mguu mzima.

Chapuchapu hakuita mtu. Aliogopa fimbo kuliko alivyomhurumia ndugu yake. Alikata jani, akalipasua papo hapo na kulisugua juu ya malengelenge, utomvu na vumbi lake, kisha akafunga kitambaa.

"Dada, inawaka," mtoto alilia.

"Nyamaza. Ukisema, nitakumwagia na mguu wa pili."

Mtoto akanyamaza, akavalishwa suruali ndefu. Siku ya pili homa ilipompanda, Bibi aliipandisha ile suruali, akanusa, akambeba mbio hadi hospitali, Chapuchapu nyuma yao.

Muuguzi alipobandua kitambaa, ngozi ilikuja nacho. Bibi alimshika Chapuchapu kichwa asigeuke.

"Tazama. Hiyo ndiyo kazi ya mikono yako."

Mtoto alilazwa muda mrefu. Kidonda kilipofunga kabisa, alirudi nyumbani, na daktari aliruhusu ute wa mshubiri wa kulainisha kovu. Safari hii Chapuchapu alingoja utomvu uchuruzike wote, akaosha majani, akakwangua ute, akaupeleka kitandani. Mtoto akaukunja mguu.

"Sijasema, dada. Usinimwagie."

Bibi alisikia. Akalichukua bakuli mikononi mwa mjukuu wake.

"Mtu akiungua hivi, ni maji safi ya baridi, kisha unapiga kelele apelekwe hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe ulitaka kimuumbue mwenzako. Dawa hii italainisha kovu la mguu. Lile jingine halina dawa ila kungoja. Kaa pale mlangoni, mpaka akuite mwenyewe."

Chapuchapu akaenda, akaketi sakafuni.