Hakuna Bluu Kwenye Picha Ile

"Picha hii kachora dereva wangu, Hillary," Madam Muna alimwambia dada yake. "Huyo ni yeye na mkewe Pauline, wanatembea vumbini."

Nilikuwa naingia na sinia la kahawa.

Picha hiyo nilichora mimi, Riyadh, kwenye chumba cha kufulia, wiki ile vumbi lilipofunika mji. Nilikuwa na rangi tatu tu, nyeupe, nyeusi na kahawia, mabaki ya binti wa Madam Wahida, bosi wangu, ndiye huyo dada yake Madam Muna. Wale watu wawili ni mimi na Hillary, mchumba wangu. Nilimtumia huku Jeddah anakofanya kazi, iwe zawadi. Tulikuwa tuoane Desemba.

"Picha imenitia huruma," Madam Muna aliendelea. "Namleta huyo mke kutoka Kenya afanye kazi hapa kwangu."

Hillary akaitwa asifiwe. Hakujua kwamba Madam Wahida amekuja Jeddah nami. Aliponiona alimeza mate.

"Hebu mwambie dada yangu, hii bluu ya kule mbali umeipataje?"

"Nilinunua dukani, kule Al-Mahjar, madam."

Mimi huwa siongei mbele ya watu. Siku hiyo nilisikia sauti yangu.

"Hakuna bluu hapo, madam. Ni nyeusi na nyeupe nyingi. Ikikaa karibu na kahawia, macho yanaona bluu."

"Na weye umejuaje?"

"Nimechora mimi. Huyo mwanamke ni mimi."

"Madam, huyu hata simjui," Hillary alisema, akiangalia zulia.

Akatoka. Dakika moja haikuisha, ujumbe wake ukaingia kwenye simu yangu.

"Babe nyamaza pls. Ukiharibu viza ya Pauline watoto wangu watateseka. Nitakuoa pia, utakuwa wa pili."

Nikaona mate yake kwenye kila neno tamu alilowahi kuniambia. Nikampa Madam Muna simu, maana Kiswahili anakisoma. Alisoma mara mbili, halafu akairudisha kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika nepi chafu.

"Huyu dereva halas, kazi kwangu imekwisha. Na mkewe nimwache hukohuko Kenya?"

"Hapana, madam. Yeye hajakosa. Lakini asije bila kujua. Nipe namba yake."

Pauline alipokea haraka.

"Naitwa Selipher, niko Saudi," nilisema.

"Ai, Selipher! Dadake Hillary wa Riyadh? Amekusifia sana kwangu."

Nilifumba macho.

"Mimi si dada yake, Pauline. Keti chini kwanza."