Ndara za Ma Thuzar Mlangoni mwa Uhamiaji

Ma Thuzar alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo mjini Mae Sot. Kila mwaka, kibali chake cha kuishi Thailand kilipokaribia kwisha, alirauka kwenda ofisi ya uhamiaji. Huko watu walivua viatu na kuvipanga mlangoni. Viatu vilishika foleni, wenyewe wakakaa kando wakinywa chai na kusengenya kidogo.

Mwaka huu pia alizipanga ndara zake mlangoni, akasubiri. Jua lilichomoza, hakuja mtu mwingine. Ndara zilikaa pale kama yatima.

Mwishowe mlinzi alimwonea huruma. "Dada, chukua ndara zako. Hawapokei karatasi tena. Siku hizi mnaomba kwa simu, kwenye tovuti."

Ma Thuzar aliingiwa na hofu. Kibali kilikuwa kinaisha mwezi huohuo, na kiwanda hakikumbakiza kazini mtu asiye na kibali.

Nyumbani mumewe, Ko Lwin, alikuwa anakaanga samaki. "Tumtafute dalali," alisema. "Atajaza yeye kila kitu."

Ukuta wa jirani ulikuwa wa mabanzi, na kila neno lilipenya. Jirani huyo, Ma Ei Phyu, alifanya kazi katika kituo cha kusaidia wafanyakazi. Alikuja hadi mlangoni.

"Shemeji, huyo dalali ni mjomba wako? Akiandika namba yake ya simu, majibu yatakwenda kwake. Mtabaki mnamlamba miguu."

"Mimi tovuti siijui," alisema Ma Thuzar.

"Kuuliza si ujinga. Leta simu na pasipoti."

Walikaa mkekani. Waliandika namba ya simu ya Ma Thuzar mwenyewe. Alichagua neno la siri, na Ma Ei Phyu akageuza uso ukutani.

"Hata mimi usiniambie," alisema.

Pasipoti waliipiga picha karibu na dirisha, pembe zote nne zikionekana. Kisha Ma Thuzar alivaa blauzi mpya, akachomeka ua kwenye nywele na kujipaka thanaka mashavuni, ile poda ya magome ya mti. Ko Lwin alimpiga picha. Walisoma kila jibu tena, wakatuma, na kuhifadhi namba ya maombi.

Kesho yake ujumbe uliingia. Picha ilikuwa imerudishwa, kwa sababu uso ulitakiwa usiwe na kitu.

Ma Thuzar alikasirika. "Thanaka ndiyo uso wangu! Yule afisa wa zamani hakuwahi kusema neno."

"Yule alikuwa anakujua," alisema Ma Ei Phyu. "Huyu wa sasa anaiona picha tu. Na kurudishiwa si kukataliwa, dada. Rekebisha palipokosewa, utume tena."

Alinawa uso huku amenuna. Ko Lwin alimtazama, akatabasamu. "Kumbe una kidoti shavuni? Tangu tuoane sijakiona mchana."

"Piga picha, baba. Usinichokoze."

Kabla mwezi haujaisha, simu ililia kiwandani wakati wa chakula. Kibali kimetoka. Ma Thuzar aliusoma ujumbe, akausoma tena, na machozi ya furaha yakamlengalenga. Jioni alichapisha nakala, akaipeleka kwa msimamizi. Kazi yake ilikuwa salama.

Asubuhi iliyofuata alijipaka thanaka yake vizuri, akaenda kushona. Mama mmoja wa meza ya pili, Daw Hla Yin, alikuwa anapiga miayo.

"Leo usiku sitalala, mwanangu," alisema. "Kibali changu kinaisha. Itabidi kesho nirauke nikaweke viatu mlangoni."

Ma Thuzar alicheka, akasimamisha cherehani.

"Viatu vivae, mama. Lala mpaka kuche, kisha jioni njoo kwangu na simu na pasipoti. Maji ya kunawa uso nitakuwekea."